Taa ya Gari la Mwalimu

Jumamosi, 13 Aprili
Daftari hili nililinunua la kuandikia kazi za gereji: gari, tatizo, siku ya kuchukua. Leo naandika mengi kwa sababu usingizi hauji na mikono sina kazi nyingine ya kuipa.

Saa tisa alasiri mto ulifurika. Hapa Maji ya Chai halikuwa limedondoka hata tone. Mvua ilikuwa juu mlimani, maji yakashuka na mawe, migomba mizima na paa la choo cha mtu. Yakakata barabara kuu mbele ya gereji yangu. Magari sita yalikwama na mawili yakazama mpaka kwenye viti. Hayo mawili ni ya aina moja na rangi moja ya kijivu, huwezi kuyatofautisha mpaka usome namba. Moja ni la Yiamat, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Longido. La pili ni la Mwalimu Rodrick wa Akheri, aliyenifundisha hesabu darasa la sita na kunichapa kwa kila sehemu niliyokosea.

Mwalimu nilimtoa mwenyewe, mgongoni. Alikuwa mwepesi mpaka nikashtuka. Figo zake zimekufa, na kila Jumanne na Ijumaa mkewe anampeleka hospitali mjini kusafishwa damu kwa mashine. Leo walikuwa wanatoka Kibosho kwenye kipaimara cha mjukuu. Mkewe, Mama Agnela, alivuka kwa miguu yake, viatu mkononi na mkoba kichwani.

"Fundi, gari litapona?" akaniuliza, maji yanamchuruzika.

"Siku tatu, mama. Jumanne unaendesha."

Sijui kwa nini nilisema siku tatu. Sikuwa hata nimefungua boneti.

Jumapili, 14 Aprili
Sikwenda kanisani. Naeku alikwenda na Blessing, binti yetu, wakaniacha na matope.

Agnela, binti wa Mwalimu, kapiga simu kutoka Sekei. Anafanya kazi ofisi ya watalii, na akiongea nami ni kama anasoma masharti ya mkataba. "Fundi, kila unachofungua piga picha kwanza, unitumie. Sitaki baadaye tuanze kuulizana." Dada huyu anaamini kila fundi ni mwizi wa vipuri. Nimempigia picha kila kitu, hadi soksi ya baba yake niliyoikuta chini ya kiti. Simu yake ikijaa atajua mwenyewe.

Jumatatu, 15 Aprili
Gari lililozama, injini si kazi. Unamwaga oili, unakausha, inawaka. Kazi ni umeme. Chini ya dashibodi, upande wa miguu ya abiria, kuna kontrol boksi, kiboksi cha bati kinacholingana na Biblia, na ndiyo akili ya gari: inaamua mafuta yaingie kiasi gani na cheche ipigwe lini. La Mwalimu nilipolifungua lilimwaga maji ya matope. La Yiamat vivyo hivyo. Nimeyasafisha kwa spiriti na mswaki, taratibu. Sasa yanatakiwa yakauke, na jua hatujaliona wiki nzima.

Jikoni kwa Naeku kuna dari juu ya mafiga, anakokaushia mahindi ya mbegu. Joto lake ni la pole na halikatiki mchana kutwa. Nimekausha redio na simu nyingi pale na hakuna mwenyewe aliyewahi kulalamika. Nimeyapandisha maboksi yote mawili, kila moja na kikaratasi nilichobandika kwa gundi: RODRICK, YIAMAT.

Jumanne, 16 Aprili
Mama Agnela kapiga saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwambia kesho kutwa. Wamekodi gari la jirani kwenda hospitali.

Jumatano, 17 Aprili
Mvua.

Alhamisi, 18 Aprili
Mvua. Naeku anasema joto limebandua vikaratasi vyangu, vimeangukia kwenye mahindi. Kaniuliza boksi lipi la nani, nikamwambia. Kesho nafunga.

Ijumaa, 19 Aprili
Yote mawili yamewaka! Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la ng'ambo akatoka. Siku sita baada ya kutolewa mtoni, yananguruma kama hayajawahi kuona maji.

Ila kwenye dashibodi ya kila moja taa ya injini imewaka, ile ya njano, na haizimiki. Nikamweleza Yiamat kwamba maji bado yamebaki kwenye waya mahali fulani, anipe siku mbili nitafute.

"Ero," akaniambia, yaani kijana kwa Kimaasai, na ananizidi miaka miwili tu, "mimi nauza ng'ombe, siuzi taa. Linakwenda?"

"Linakwenda."

"Basi itoe hiyo taa, inanichoma macho."

Nikachomoa balbu. Akaondoka ameridhika, honi mpaka kwenye kona.

La Mwalimu sikuligusa balbu. Yule angejua.

Jumamosi, 20 Aprili
Mama Agnela alikuja kuchukua gari. Nikakaa pembeni yake ili tulijaribu. Linakwenda vizuri kama dakika kumi, halafu linakuwa zito, halafu linakata. Lilikata kwenye kilima cha kabla ya Usa River, lori nyuma yetu, mama wa watu anashika usukani kwa mikono yote miwili. Ukilisubiri lipoe linawaka tena, unakwenda dakika kumi.

Nikamwambia, "Ni kitu kidogo hicho. Alhamisi litakuwa tayari."

"Alhamisi hii?"

"Alhamisi hii, mama."

Jumatatu, 22 Aprili
Mashine yangu ya kupimia unaichomeka chini ya usukani inakusomea kosa. Inasema sensa ya ekseli ya nyuma, kile kihisio cha magurudumu ya nyuma, haisomeki. Nimelala chini ya gari saa nzima. Ekseli ya nyuma haina sensa yoyote, haijawahi kuwa nayo. Maji yameivuruga akili ya gari, linalalamikia viungo ambavyo halina. Nimefuta kosa, likarudi.

Jumatano, 24 Aprili
Nimebadili koili ya cheche. Taa.

Alhamisi, 25 Aprili
Nimefungua soketi zote za upande wa kushoto, nimezipiga spiriti moja moja. Taa. Mama Agnela kapiga, nimemwambia Jumamosi.

Ijumaa, 26 Aprili
Wametoka hospitali wakapitia hapa na gari la kukodi. Mwalimu alishuka kwa fimbo, akaja kusimama mbele ya boneti, akaniuliza swali kwa sauti ileile ya darasani.

"Meshack. Umejaribu nini, na kila ulipojaribu, ulibadili vitu vingapi kwa mara moja?"

"Shikamoo Mwalimu. Viwili vitatu."

"Ndiyo maana hujui. Badili kimoja, andika, angalia. Kimoja."

Nilikasirika. Nina miaka arobaini na moja, nina gereji yangu, na mzee anakuja kunisahihisha mbele ya wateja. Lakini nimeanza kufanya alivyosema, na daftari hili sasa linajaa.

Agnela alikuwa nao. Alisimama pembeni, mikono kifuani. Nilimsikia akimwambia mama yake, "Mama, mhamie kwangu Sekei. Ni dakika kumi kufika hospitali. Haya ya kukodi kila siku mpaka lini?" Mama Agnela akamjibu, "Baba yako hataki kuacha ng'ombe wake na nyumba yake. Na fundi anasema gari Jumamosi."

Nikafurahi kwamba mama ananiamini kuliko binti yake. Naandika hivi kwa sababu ni kweli, nilifurahi.

Jumamosi, 27 Aprili
Taa.

Jumanne, 30 Aprili
Nimebadili sensa ya hewa. Kimoja tu, kama alivyosema. Taa.

Jumatano, 1 Mei
Sikukuu ya wafanyakazi. Nimefanya kazi. Taa.

Ijumaa, 3 Mei
Mama Agnela kaniletea mtori kwenye chombo cha kuhifadhi moto, kutoka Akheri mpaka hapa. "Umekonda, fundi. Gari letu linakumaliza." Hana hasira hata kidogo, na hiyo inanikera kuliko Agnela na masharti yake. Anayenigombeza najua kumkwepa.

Gari nililiendesha mbele yake, dakika kumi na mbili. Akapiga makofi kwa zile mbili zilizoongezeka. Halafu likakata.

Jumanne, 7 Mei
Mvua ya usiku imeharibu njia ya Akheri. Gari la kukodi liliteleza kabla ya kufika kwao likaishia mtaroni. Mwalimu hakwenda hospitali.

Jumatano, 8 Mei
Nimeuliza kwa mwenzangu Sakaya, fundi wa Usa River. Anasema gari lililozama liuzwe skrepa, watu wamalize. Nimemwambia yeye ndiye auzwe.

Ijumaa, 10 Mei
Wamekwenda na bodaboda, dereva mbele, Mwalimu katikati, mama nyuma akimshikilia kiunoni. Kutoka Akheri mpaka mjini. Mama alinisimulia kwenye simu akicheka: "Mwalimu mzima kafanywa mshikaki!" Nikacheka naye. Nilipokata simu nikamkuta Naeku ananiangalia.

"Baba Blessing," akasema, "hao watu waambie ukweli. Kama huwezi, sema huwezi."

"Naweza."

"Mwezi mzima?"

Nikatoka nje. Nimefungua dashibodi yote mpaka chuma, nikafuatilia waya mmoja mmoja kwa kidole. Kila waya mzima. Nimekaa kwenye kiti cha abiria nikaitazama ile taa ya njano mpaka nikahisi kuichukia kama mtu.

Jumatatu, 13 Mei
Njia ya Akheri imekauka kidogo, gari la kukodi linapita tena. Nimeongeza siku: Alhamisi.

Alhamisi, 16 Mei
Leo nitaandika yote, hata kama nitauchana ukurasa huu.

Simu ilijaa, ikakataa kupokea ujumbe. Nikakaa kwenye tairi kufuta picha. Nikafika kwenye zile za Agnela, za tarehe kumi na nne na kumi na tano mwezi uliopita, nikawa nazifuta moja moja huku nikimsema moyoni. Soksi. Kiti. Zulia. Halafu kontrol boksi la baba yake, limechukuliwa vizuri, matope yamefutwa kwa kidole palipo na namba. Namba inaishia na nne.

Sikuwa na sababu ya kuhangaika. Lakini namba hizo nilizitazama, na boksi lililo kwenye gari nimelifungua na kulifunga mara ngapi mwezi huu, nalijua. Nikainuka nikaenda nikalitoa. Linaishia na tisa.

La Yiamat lilikuwa la kuvuta magurudumu yote manne. Ekseli yake ya nyuma ina sensa. La Mwalimu linavuta mbele tu. Mwezi mzima mashine imekuwa ikiniambia, kwa maneno yaliyonyooka, kwamba gari hili limepewa akili ya gari lingine, na mimi nikasema gari limechanganyikiwa. Hakukuwa na maji kwenye waya. Waya zilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Boksi la Mwalimu lilikauka salama darini kwa Naeku, likapona, nami nikalifunga kwenye gari la muuza ng'ombe na kulichomoa balbu ili lisinisumbue.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda jikoni kumfokea Naeku. Nikamwambia kabisa kwamba ni yeye, kwamba alichanganya vikaratasi. Aliacha kuchochea, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile nilikuja mpaka mlangoni," akasema. "Nimeshika boksi moja huku, moja huku. Nikakuuliza, hili la nani? Wewe ulikuwa unakula, unaangalia simu. Ukasema hilo la Mwalimu. Hukuinua kichwa."

Nakumbuka. Ilikuwa ugali na mlenda, na kwenye simu watu walikuwa wanabishana mpira. Sikuinua kichwa.

Ijumaa, 17 Mei
Nimekwenda Longido. Nilimkuta Yiamat anakula nyama choma, akanikaribisha kwa furaha kubwa.

"Lile gari? Ero, lile lilikuwa linazimika kila mahali. Nimelala nalo porini mara mbili. Nimemuuzia mtu wa Kajiado, kalivusha mpaka wiki iliyopita."

"Una namba yake?"

Alikuwa nayo. Haipatikani. Tukapiga mara tisa, kila mara mwanamke yuleyule wa mtandao. Yiamat akanikatia ubavu mzima, nikauacha kwenye sahani.

Jumamosi, 18 Mei
Nimeagiza boksi kwa muuza vipuri wa Dar es Salaam. Nimemtumia ile picha ya boksi niliyompigia Agnela. Nimemwandikia namba kwa herufi kubwa. Anasema Jumatano linafika kwa basi.

Mama Agnela kapiga. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema kuna kifaa kinatoka Dar, Ijumaa gari litakuwa kwako asubuhi na mapema, Mwalimu ataenda hospitali kwa gari lake mwenyewe.

"Ijumaa kweli, fundi?"

"Mara hii kweli, mama."

Na nilikuwa na uhakika. Nilijua tatizo, nilijua dawa yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia siku ninayoiamini.

Jumatano, 22 Mei
Boksi limefika. Linaishia na tisa.

Nimesimama pale stendi ya mabasi nikicheka peke yangu, watu wakanipisha. Muuza vipuri anasema kijana wake dukani aliona yanafanana. Kwa nini nimkasirikie? Limerudishwa kwa basi la jioni. Lingine Jumatano ijayo.

Alhamisi, 23 Mei
Nilitakiwa kumpigia Mama Agnela kumwambia kesho haiwezekani. Nikasema nimpigie mchana. Mchana nikasema jioni. Jioni Naeku akaniuliza kama nimempigia, nikamwambia nimempigia.

Ijumaa, 24 Mei
Saa moja asubuhi simu yake. Nikaiacha iite. Saa moja na nusu tena. Saa mbili, ikiwa inaita kwa mara ya nne, nikapokea.

"Fundi, uko wapi? Mwalimu ameshavaa. Amekaa nje kwenye kiti anakusubiri."

Hawakukodi gari, maana niliwaambia nakuja. Nikaeleza habari za boksi, za basi, za Dar. Nikaongea sana. Akasema, "Basi ngoja nitafute usafiri." Mpaka alipopata, njia ya juu ilikuwa imeharibika tena na zamu yao ya mashine hospitali ilikuwa imepita. Wameambiwa warudi kesho, kama kutakuwa na nafasi.

Mwalimu alikaa kwenye kile kiti mpaka saa tano. Mama aliniambia bila kunilaumu, kama anavyonipa habari za mvua.

Jumamosi, 25 Mei
Amelazwa. Maji yamepanda kwenye mapafu.

Jumapili, 26 Mei
Kanisani waliomba watu watoe mahitaji yao ya maombi. Naeku alinisukuma kiwiko. Sikuinua mkono.

Jumatatu, 27 Mei
Nimekwenda hospitali. Agnela alikuwa kwenye korido. Nilijiandaa kwa yote atakayosema, na nusu nilitamani ayaseme. Akaniambia tu, "Baba amekuuliza." Mwezi mzima nimemwona dada wa masharti na makaratasi. Leo nimemwona mtu aliyetaka baba yake ahamie Sekei, akanyimwa kwa ajili ya Jumamosi yangu.

Mwalimu ana bomba la hewa puani. Alinitambua.

"Umeipata?"

"Nimeipata, Mwalimu. Ni kontrol boksi. Moja tu."

"Ni kimoja siku zote," akasema, akafumba macho. Alionekana kuridhika. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia sentensi moja zaidi na sikuisema.

Jumatano, 29 Mei
Boksi limefika. Linaishia na nne. Nimelifunga saa nane mchana. Nikawasha.

Taa iliwaka sekunde tatu, kama inavyotakiwa, ikazima.

Nimeendesha mpaka Kikatiti na kurudi, mpaka King'ori na kurudi. Halikukata. Limekuwa jepesi, linapanda kilima bila kunguruma. Siku arobaini na sita nimeisubiri dashibodi hii nyeusi, nikadhani siku hiyo nitawaita majirani. Nimeegesha, nikakaa ndani na madirisha yamefungwa, nikalia.

Mama Agnela hakupokea simu.

Jumamosi, 1 Juni
Mwalimu Rodrick amefariki saa nne asubuhi.

Jumatatu, 3 Juni
Agnela kapiga. Wanamzika kwao Kibosho, kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mama hana nguvu za kuendesha mpaka huko. Ameomba gari lao niliendeshe mimi, maana ndimi ninayelijua.

Alhamisi, 6 Juni
Jana tumezika.

Tulitoka hospitali saa kumi na mbili asubuhi, gari la jeneza mbele, mimi wa pili. Mama Agnela alikaa nyuma na dada zake, amefunga kanga kiunoni, rozari mkononi. Pale gereji kwangu akasema, "Linakwenda vizuri, fundi." Nikasema ndiyo, mama. Boma Ng'ombe, Kwa Sadala, mpaka Moshi na kupanda Kibosho, kile kilima chote chenye matope na mawe, na dashibodi nyeusi, taa haikuwaka hata mara moja. Sijawahi kuendesha gari zuri namna ile.

Baada ya misa na baada ya udongo, Agnela alisoma neno la shukrani. Mama aliliandika, yeye akasoma. Walishukuru padre, jumuiya, madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani wa Akheri. Halafu akasoma, na nadhani hata yeye alikuwa hajaipitia hiyo karatasi, maana sauti ilisita: "Tunamshukuru kipekee fundi Meshack wa Maji ya Chai, aliyembeba baba mgongoni siku ya mafuriko, na akahangaika na gari letu mwezi na nusu bila kuchoka wala kutukatia tamaa. Asimame tumwone."

Nilikuwa nyuma kwenye migomba. Watu wakageuka kunitafuta. Nikasimama. Mzee mmoja wa ukoo akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, makofi ya msibani, ya taratibu. Naeku alikuwa amekaa pembeni yangu, akaitazama ardhi mpaka yalipokwisha.

Jumatatu, 10 Juni
Yamekuja magari matatu leo. Wateja watatu wapya, mmoja kutoka Kibosho kabisa. Wote wanasema walinisikia msibani.

Jumatano, 12 Juni
Mawili tena.

Ijumaa, 14 Juni
Naeku haongei nami ila kuhusu chumvi na ada ya shule ya Blessing. Jua limeanza kutoka.

Jumamosi, 15 Juni
Nimekwenda Akheri mchana. Mama Agnela alikuwa peke yake barazani, anachambua maharage kwenye ungo. Aliponiona akasogeza kigoda.

Nikamwambia yote bila kukaa. Maboksi mawili, dari, vikaratasi, Naeku mlangoni, mimi na simu yangu. Yiamat. Namba nne na namba tisa. Ijumaa ile ambayo nilijua tangu Jumatano kwamba siwezi kuja, na sikupiga. Hakuacha kuchambua. Kila mara alitupa jiwe dogo au harage bovu uani, kuku wakakimbilia.

Nilipomaliza akauliza, "Ulijua lini kwamba ni boksi?"

"Tarehe kumi na sita mwezi wa tano."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, midomo inatikisika. Najua alichokuwa anahesabu. Jumanne na Ijumaa.

"Agnela anajua?"

"Hapana, mama."

"Asijue."

Nikapiga magoti pale chini. Nikaanza kusema naomba, akaniwahi kwa mkono.

"Usiniombe. Ukiniomba itabidi nikujibu." Akaweka ungo pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu nianze. "Mimi watu wote nimewaambia ni mafuriko. Kila anayekuja kunipa pole namwambia mafuriko yalituharibia gari, Mwalimu akakosa usafiri. Nimeyazoea. Mafuriko hayana uso, siwezi kukutana nayo sokoni Tengeru. Wewe nitakutana nawe. Unataka nianze leo kuchukia mtu, kwa umri huu, peke yangu kwenye nyumba hii? Niachie mafuriko yangu."

Nilikwenda kule kujitua mzigo na yeye kaniambia nibaki nao, na haki anayo.

Akainuka akaingia ndani. Nikadhani amenifukuza, nikajifuta magoti. Akatoka na sahani ya ndizi na nyama, ya moto, akaniwekea kwenye kigoda.

"Kula."

Nikala. Alisimama mlangoni mpaka nilipomaliza, hakuniambia niache hata nilipokwama. Halafu akaja akachukua sahani.

"Sasa nenda," akasema.